DAKTARI MARTIN LUTHER NA NDUGU WALIOMBEBA

Kitabu cha miaka mia moja cha usharika wa Kilutheri hakiwezi kukosa kurasa chache za maisha ya Daktari Martin Luther, ingawa mwenyewe asingependezwa nazo. Mwaka 1522, aliposikia kwamba watu wameanza kujiita kwa jina lake, aliwasihi waache na wajiite Wakristo tu, kwa kuwa si yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao.

Matendo yake makuu hufundishwa katika kila darasa la Kipaimara: hoja 95 za tarehe 31 Oktoba 1517, msimamo wake mbele ya Kaisari Karolo wa Tano mjini Worms mwezi Aprili 1521, Agano Jipya alilolifasiri kwa Kijerumani kwa muda wa majuma kumi na moja hivi akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Hayo yatapitwa hapa kwa haraka. Lisilosemwa sana ni kwamba Mtengenezaji huyo wa Kanisa alikuwa mtu aliyeteswa na huzuni nzito tangu ujana wake hadi uzee, na kwamba kila alipoinuliwa, aliinuliwa na Neno la Mungu likitoka katika kinywa cha ndugu mwingine, mara nyingi ndugu aliyeketi kando ya kitanda chake.

Alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alitoka katika ukoo wa wakulima, akahamia Mansfeld na kujipatia riziki katika machimbo na tanuri za shaba. Alikuwa mtu mkali, mwenye bidii, aliyeweka akiba ili mwanawe asome sheria, awe mtu wa heshima, na awatunze wazazi uzeeni. Ni matumaini ambayo wazazi wengi wa usharika huu wanayafahamu vizuri. Martin alipata shahada ya uzamili mjini Erfurt mwaka 1505 na akaanza masomo ya sheria. Tarehe 2 Julai mwaka huo, akiwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa, na baada ya siku kumi na tano akabisha hodi katika nyumba ya watawa wa Agostino.

Hans alighadhibika. Mwaka 1507, Martin alipoadhimisha Misa yake ya kwanza, baba alikuja na msafara wa wapanda farasi na kutoa zawadi nono ya fedha, lakini mezani, mbele ya watawa, alimkumbusha mwanawe amri ya kuwaheshimu baba na mama, akauliza kama sauti ile ya radi haikuwa hila ya Ibilisi. Neno hilo lilimwingia Martin moyoni na halikutoka kwa miaka mingi. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini kijana huyu aliogopa hasira ya Mungu kiasi kile hana budi kuikumbuka meza hiyo, ingawa lingekuwa kosa kudhani kwamba yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Katika nyumba ya watawa alifunga, alikesha, na kujinyima kuliko kanuni zilivyodai, wala hakupata amani. Aliungama dhambi zake, akatoka, akakumbuka nyingine, akarudi. Inasimuliwa kwamba safari moja aliungama kwa muda wa saa sita. Watawa wenzake hawakujua la kufanya naye.

Aliyejua kidogo alikuwa Johann von Staupitz, mkuu wa shirika hilo. Staupitz hakuwa na hoja mpya za kitheolojia za kumpa. Alichokuwa nacho ni subira. Alimsikiliza, akamwambia aache kuchungua kama ameteuliwa au ametupwa, ayatazame majeraha ya Kristo, maana hapo ndipo mapenzi ya Mungu kwa mwenye dhambi yanapoonekana. Alikiri pia kwamba majaribu ya namna ile yeye mwenyewe hajayaonja, lakini aliamini kwamba kwa Martin yalikuwa ya lazima kama chakula na kinywaji. Yapo majibu mengi ya kichungaji yaliyo na elimu zaidi, ila ni machache yaliyo na unyofu kama huo.

Kisha Staupitz akafanya jambo ambalo mtu mwenye wivu asingelifanya. Akiwa chini ya mti wa mpea katika ua wa nyumba ya watawa Wittenberg, alimwagiza mtawa huyu aliyevunjika moyo asomee udaktari na kuhubiri. Martin alitoa sababu nyingi za kukataa, ya mwisho ikiwa kwamba kazi hiyo ingemuua. Staupitz akamjibu kwa mzaha kwamba hata mbinguni Mungu anahitaji washauri wenye hekima. Mwezi Oktoba 1512 Luther alivishwa udaktari, na Staupitz akamwachia kiti chake mwenyewe cha kufundisha Biblia. Ilikuwa katika kufundisha Zaburi na Waraka kwa Warumi, si katika kujitesa, kwamba Luther alifikia kuelewa Warumi 1:17, yaani kwamba haki ya Mungu ni zawadi apewayo mwenye dhambi kwa imani.

Njia zao ziliachana baadaye. Mwezi Oktoba 1518, Luther alipohojiwa na Kardinali Kayetano mjini Augsburg, Staupitz alimfungua kutoka katika kiapo cha utii, ili Luther awe huru na yeye Staupitz asilazimike kumkamata. Mwaka mmoja baada ya hapo Luther alimwandikia kwa uchungu kwamba anajiona kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, na kwamba ameota Staupitz anaondoka naye analia. Staupitz hakulihama Kanisa la Roma. Alikuwa abate huko Salzburg na akafariki mwishoni mwa mwaka 1524. Katika barua yake ya mwisho alimhakikishia Luther kwamba upendo wake haujakatika. Naye Luther, hata katika uzee, alisema kwamba kila kitu alikipokea kwa Staupitz.

Ndoa yake na Katharina von Bora, tarehe 13 Juni 1525, ilimpa nyumba. Watu waliofika usiku ule kushuhudia walikuwa wachache: miongoni mwao Johannes Bugenhagen, mchungaji wa usharika wa Wittenberg, Justus Jonas, mwalimu wa chuo kikuu, na mchoraji Lucas Cranach pamoja na mkewe. Majina mawili ya kwanza msomaji ayashike, maana yatarudi hadi mwisho.

Katika majira hayohayo alibisha hodi mtu mwingine. Andreas Karlstadt aliwahi kuwa mwalimu mwenzake na rafiki, kisha wakagombana vibaya sana juu ya Chakula cha Bwana, picha makanisani na mwendo wa matengenezo, wakashambuliana kwa vitabu. Vita vya wakulima vilipozimwa mwaka 1525, Karlstadt alikuwa anatafutwa na hakuwa na pa kujificha. Aliomba hifadhi kwa Luther, na Luther akamficha nyumbani mwake kwa siri kwa majuma kadhaa. Hawakukubaliana katika mafundisho, wala urafiki wa zamani haukurudi kama ulivyokuwa. Mlango, hata hivyo, ulifunguliwa.

Mwaka 1527 ulikuwa mgumu kuliko yote. Jumamosi tarehe 6 Julai, asubuhi, Luther alishikwa na jaribu la roho kali kiasi kwamba alituma Bugenhagen aitwe. Mtu aliyekuwa ameitikisa Ulaya nzima alimwungamia mchungaji wake wa usharika, akaomba atangaziwe maondoleo ya dhambi, na akasema anataka kushiriki Chakula cha Bwana kesho yake. Jioni Jonas alifika kula naye. Luther alilalamika kuwa sikio la kushoto linavuma, akaenda kujilaza, na mlangoni mwa chumba akaishiwa nguvu. Jonas alimmwagia maji baridi usoni na mgongoni. Luther alisali kwa sauti, akaagana na Katharina na mtoto wao Hans aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja, akamkabidhi kwa Mungu aliye baba wa yatima. Bugenhagen akaja, na tabibu Augustin Schurff akaja na kumkanda kwa vitambaa vya moto. Jonas na Bugenhagen waliandika kumbukumbu ya usiku ule, na kwa sababu hiyo unafahamika kwa undani namna hii.

Kesho yake aliamka, lakini roho yake haikuamka. Mwezi Agosti alimwandikia Philipp Melanchthon kwamba kwa zaidi ya juma zima amekuwa katika mauti na kuzimu. Wakati huohuo tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saxony alimtaka Luther aondoke pia. Alikataa, akabaki na Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Mke wa meya alikufa karibu mikononi mwake. Nyumba yake ikawa hospitali, Katharina akiwa mjamzito na Hans akiwa mgonjwa. Katika majira hayo aliandika waraka mdogo juu ya swali kama Mkristo aruhusiwe kukimbia tauni. Alijibu kwamba asiye na wajibu kwa wengine anaweza kuondoka, bali mchungaji, mtawala, tabibu na jirani wa mgonjwa asiye na mtu mwingine wasiondoke. Tena wanaobaki watumie dawa, wafukize nyumba, na waepuke mahali pasipowahitaji, wasije wakamjaribu Mungu. Waliopitia miaka ya UKIMWI, na baadaye UVIKO-19, wataona kwamba mambo hayo hayajachakaa.

Mwezi Novemba dada yake Bugenhagen, aliyekuwa mke wa Georg Rörer, alifariki kwa tauni pamoja na mtoto aliyekuwa akijifungua. Bugenhagen na familia yake wakahamia kwa Luther. Mtu angedhani mfiwa ndiye aliyekwenda kutafuta faraja. Luther alieleza tofauti: Bugenhagen amekuja kwa ajili yake yeye, ili asiwe peke yake. Katika sehemu nyingi za Tanzania mwanamume hufundishwa tangu jandoni kwamba machozi ni aibu na kwamba maumivu yake ayameze mwenyewe. Ujerumani ya wakati ule haikuwa mbali na mafundisho hayo. Ndiyo maana inafaa kutambua kwamba Luther hakuona haya kusema kuwa anamhitaji mwenzake alale chini ya paa lake. Binti yao Elisabeth alizaliwa tarehe 10 Desemba, na hakufikisha mwaka. Alizikwa Agosti 1528.

Alichopokea alikitoa. Mwaka 1530, wakati Ungamo la Augsburg likiwasilishwa, Luther alikaa karibu miezi sita katika ngome ya Coburg, kwa kuwa alikuwa chini ya marufuku ya dola na asingeweza kwenda Augsburg. Alikuwa anaumwa kichwa na masikio. Mwezi Juni ilifika habari kwamba Hans, baba yake, amefariki tarehe 29 Mei. Veit Dietrich, kijana aliyekuwa naye, anasimulia kwamba Luther alichukua Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia sana hata siku ya pili kichwa kilimuuma. Ugomvi wa baba na mwana ulikuwa umekwisha miaka kadhaa kabla, nao walipatana.

Akiwa katika hali hiyo alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekaa nyumbani kwake Wittenberg akifundisha watoto, ambaye alikuwa ameelemewa na huzuni. Ushauri wake haukuwa wa kufunga wala kukesha. Alimkataza kukaa peke yake. Alimwambia atafute watu, azungumze, acheze, afanye mzaha, anywe kidogo, wala asibishane na Ibilisi juu ya dhambi zake, bali amkumbushe kwamba yupo aliyekwisha kuzilipia. Akamsimulia jinsi yeye mwenyewe, akiwa mtawa kijana asiye na furaha, alivyokwenda kwa Staupitz, na Staupitz alivyomwambia kwamba Mungu anamwandaa kwa kazi. Staupitz alikuwa kaburini tayari kwa zaidi ya miaka mitano. Weller aliishi, akawa mwalimu wa theolojia huko Freiberg, na akafariki mwaka 1572.

Habari ya Peter, kinyozi wa Wittenberg, ina mwisho mgumu zaidi. Alikuwa rafiki wa zamani, na alimwomba Luther amfundishe kusali. Mwanzoni mwa mwaka 1535 Luther alimtungia kijitabu kizima, chenye kueleza jinsi ya kusali kwa kufuata Sala ya Bwana na Amri Kumi. Humo aliweka mfano wa kazi ya Peter mwenyewe: kinyozi mwema hana budi kuweka macho na akili kwenye wembe na nywele, maana akipiga soga na kutazama huku na huku anaweza kukata pua au koo la mtu. Siku ya Jumamosi kabla ya Pasaka mwaka huohuo, Peter akiwa mezani kwa mkwewe, askari aliyejisifu kwamba hakuna silaha inayoweza kumdhuru, alimchoma kisu akamwua. Luther hakumkana. Yeye na wengine waliwaendea wenye mamlaka kumwombea, na badala ya kunyongwa Peter alihukumiwa kuhamishwa. Alipoteza mali yake na kwenda kuishi Dessau. Kijitabu kiliendelea kuchapishwa, na hata leo kinasomwa.

Mwaka uliofuata, akiwa ameshikwa na ugonjwa wa moyo, Luther aliandika Makala za Smalkald kama wosia wa imani yake. Anapoorodhesha njia ambazo Injili huwasaidia wenye dhambi, anataja Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Chakula cha Bwana na mamlaka ya Funguo, kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Wengi husoma haraka na kulipita neno hilo la mwisho. Kwa mtu anayejua usiku wa Julai 1527, halikuwa nyongeza ya kupamba sentensi.

Melanchthon naye alipata zamu yake. Mwaka 1540 alianguka mgonjwa mjini Weimar kwa aibu na majuto, kwa sababu yeye na Luther walikuwa wamekubali kwa siri ndoa ya pili ya mtawala Filipo wa Hesse, aliyekuwa na mke, na jambo hilo likafichuka. Luther hakuwa mtu wa kutengwa na kosa hilo; lilikuwa lake pia. Alipofika alimkuta rafiki yake hatambui watu wala hataki kula. Aligeukia dirisha akasali kwa kumbana Mungu kwa ahadi zake, kisha akamshika Melanchthon mkono na kumwambia hatakufa. Alipokataa chakula, alimtishia kumtenga na Kanisa. Melanchthon akala, akapona. Mwaka uliofuata Friedrich Myconius wa Gotha, aliyekuwa anakufa kwa kifua, alimwandikia Luther barua ya kuaga. Luther alimjibu kwamba anamwomba Mungu asiruhusu Myconius amtangulie. Naye akapata nafuu.

Mtu huyohuyo aliweza kuwa mkali kupita kiasi. Mwaka 1525 aliandika dhidi ya wakulima waasi maneno ambayo watawala waliyachukua kama ruhusa ya kumwaga damu, na mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi kitabu cha chuki ambacho hakina utetezi. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maandishi hayo katika mkutano wake mkuu wa Budapest mwaka 1984, wakati Rais wake akiwa Baba Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Marafiki walimwinua Luther mara nyingi, lakini hapo hawakumzuia vya kutosha.

Tarehe 20 Septemba 1542 binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, alifariki mikononi mwake. Siku chache baadaye alimwandikia Jonas kwamba anajua inampasa kushukuru, lakini yeye na Katharina hawawezi kuacha kulia. Mwezi Desemba mke wa Jonas alifariki, na safari hii barua ya faraja ilitoka Wittenberg kwenda Halle.

Mwezi Januari 1546, akiwa dhaifu, Luther alisafiri kwenda Eisleben kuwapatanisha mabwana wa Mansfeld, ndugu waliogombania mali. Jonas aliungana naye njiani. Upatanisho ulitiwa sahihi katikati ya Februari. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari alishikwa na maumivu ya kifua. Jonas na Michael Coelius, mhubiri wa Mansfeld, walimwinamia na kumwuliza kwa sauti kama anataka kufa akimshikilia Kristo na mafundisho aliyoyahubiri. Aliitikia ndiyo, na hakusema tena.

Mazishi yalifanyika Wittenberg tarehe 22 Februari, katika kanisa la ngome. Bugenhagen alihubiri, na machozi yakamkatiza. Melanchthon alitoa hotuba kwa Kilatini, wala hakuficha kwamba marehemu alikuwa na ulimi mkali. Myconius alifariki tarehe 7 Aprili, majuma saba baada ya Luther. Melanchthon aliishi hadi tarehe 19 Aprili 1560, naye akazikwa katika kanisa lilelile, ng'ambo ya kaburi la rafiki yake.